Aliyebonyeza "Hariri"

Vijiko sita vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, lita moja ya maji safi na salama. Vijiko ni vya chai, tena vya kusawazishwa, si vya kujaza mpaka vifanye kilima. Ndivyo anavyoelekezwa mama mwenye mtoto anayeharisha pale pakiti za ORS zinapokosekana dukani na zahanati iko mbali. Sasa tuseme ukurasa unaoeleza jambo hilo kwenye kamusi elezo ya mtandaoni umeandikwa kinyume: chumvi vijiko sita, sukari nusu. Aliyeandika hakuwa na nia mbaya, alichoka tu na maneno mawili yakabadilishana nafasi. Mtoto akinyweshwa maji yale atazidi kukauka, chumvi itapanda katika damu yake, na huenda asipone.

Usiku mmoja anapita mtu asiye na akaunti. Labda ni muuguzi aliye zamu, labda ni mwanafunzi wa chuo. Anaona kosa, anabonyeza "hariri", anarudisha tarakimu mahali pake, anahifadhi, anaendelea na shughuli zake. Hakuandika muhtasari wa alichofanya, maana hakuna aliyewahi kumwambia kile kisanduku kidogo cha chini kina kazi gani. Asubuhi mlinzi wa kurasa anafungua orodha ya mabadiliko ya karibuni. Anachokiona ni mgeni asiyejulikana aliyegusa vipimo katika makala ya tiba bila kutoa neno. Waharibifu nao hufanya hivyohivyo. Mlinzi anabonyeza "tengua", na kosa linarudi, safari hii likiwa na idhini ya mwenyeji. Yule aliyelisahihisha, akipita tena siku nyingine na kuona kazi yake imefutwa kimya kimya, atasema moyoni kwamba pale si pake.

Mimi nimo katika upande wa walinzi, na jambo hili hunikosesha raha. Tunapozungumzia kuwakaribisha wahariri wapya huwa tunalizungumzia kama suala la adabu, kitu kizuri cha kufanya ukipata nafasi. Kwenye makala za tiba nimefika mahali pa kuamini kwamba mapokezi ni sehemu ya usalama wa mgonjwa, sawa na kuhakiki vipimo vya dawa. Makala inayosomwa na mzazi aliyepaniki saa nane za usiku inategemea watu wa kuilinda, na watu hao hawatoki popote isipokuwa miongoni mwa wageni wa jana.

Hesabu zenyewe zinatisha. Mwaka 2015 James Heilman, daktari wa idara ya dharura kutoka British Columbia nchini Kanada, na mwenzake Andrew West walichapisha utafiti kuhusu makala za tiba za Wikipedia. Walikuta kwamba mwisho wa mwaka 2013 zilikuwa zaidi ya 155,000 katika lugha zaidi ya 255, na kwamba ndani ya mwaka ule zilikuwa zimefunguliwa zaidi ya mara bilioni 4.88. Wahariri waliokuwa wakizibeba hasa hawakufika 300, na idadi yao ilikuwa imeshuka katika miaka mitano iliyotangulia. Takribani nusu yao walikuwa wahudumu wa afya. Heilman mwenyewe aliingia kwa njia ileile ya yule mgeni wa usiku: alikuwa kwenye zamu isiyo na wagonjwa wengi, akafungua makala ya unene wa kupindukia, akakuta imejaa makosa, akagundua kwamba kumbe anaweza kuyarekebisha. Huwa najiuliza ingekuwaje kama mabadiliko yake ya kwanza yangetenguliwa bila salamu.

Wengi hawakuwa na bahati hiyo. Wikipedia ya Kiingereza ilifikia kilele cha idadi ya wahariri hai mwaka 2007, kisha ikaanza kupungukiwa. Aaron Halfaker na wenzake walichunguza sababu, na mwaka 2013 wakaeleza walichokiona: kanuni na programu zilizotengenezwa kupambana na waharibifu zilikuwa zinawafukuza pia wageni wenye nia njema, ambao kazi yao ya kwanza ilizidi kukataliwa kadiri miaka ilivyosogea. Jumuia ile ilikuwa na mwongozo wake unaowakataza wenyeji kuwang'ata wageni, na mwaka 2012 ikafungua baraza maalumu la maswali ya wapya, lililopewa jina la Teahouse, ambako mtu huuliza na kujibiwa na binadamu. Jitihada nzuri. Lakini ni vigumu kumrudisha aliyekwisha kuondoka, hasa aliyeondoka bila kulalamika.

Kwa Kiswahili tumeyaona haya kwa namna yetu. Wikipedia ya Kiswahili ilianza mwaka 2003, na leo ina makala zaidi ya 80,000. Mwishoni mwa mwaka 2009 kampuni ya Google iliandaa shindano la kuandika makala kwa wanafunzi wa vyuo vya Kenya na Tanzania, lenye zawadi. Mwaka uliofuata ikaja na mradi wa Health Speaks uliohusu tiba moja kwa moja: makala za afya zitafsiriwe kwa Kiswahili, Kiarabu na Kihindi, na kwa kila neno lililotafsiriwa kampuni itoe senti tatu za dola kwa taasisi ya afya, kwa upande wetu AMREF, mpaka kufikia dola 50,000. Maneno mengi yaliingia. Zawadi zilipokwisha wengi wa waandishi walitoweka, na makala zao zikabaki bila mwenyewe. Sina lawama kwa vijana wale. Waliitwa kuzalisha kurasa, wakazizalisha. Hakuna aliyewaita wakae.

Na makala ya tiba haivumilii kuachwa. Ukiandika urefu wa mlima na ukauandika sawasawa, unaweza kulala usingizi. Dawa ni jambo jingine. Mwaka 2010 jarida la The Lancet lilichapisha matokeo ya utafiti wa AQUAMAT, uliohusu watoto 5,425 waliolazwa kwa malaria kali katika nchi tisa za Afrika. Miongoni mwao walikuwamo watoto wa Kilifi, Korogwe na Muheza. Kati ya waliochomwa kwinini walifariki asilimia 10.9, na kati ya waliochomwa artesunate asilimia 8.5. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani (WHO) likaelekeza artesunate itangulizwe kwa watoto. Kwa hiyo makala iliyotafsiriwa kwa umahiri mwanzoni mwa mwaka 2010, ikisema tiba ya malaria kali ni kwinini, ilikuwa sahihi siku ile. Ikiachwa bila mlezi, miaka miwili baadaye ilikuwa inapotosha, na haikuwa na alama yoyote ya kumwonya msomaji. Tangu hapo zimeidhinishwa pia chanjo mbili za malaria, RTS,S mwaka 2021 na R21 mwaka 2023. Maarifa haya kwa sehemu kubwa yalipatikana kutoka kwa watoto wetu, wodini kwetu, kwa ridhaa ya mama zao. Mama wale wanastahili kuyasoma kwa lugha yao yakiwa mapya, na anayeweza kuyaweka mapya ni mtu aliyebaki.

Basi tunambakishaje?

Kuna kigezo cha makaribisho, yaani ujumbe ulioandikwa tayari, ambacho mwenyeji hukibandika kwenye ukurasa wa majadiliano wa mgeni: karibu sana, soma kanuni hapa, hakimiliki kule, jinsi ya kuweka picha pale. Sikidharau, nimekibandika mara nyingi. Lakini mgeni akikitazama hawezi kujua kama kimeandikwa na mtu au na mashine, na viungo kumi na kitu kwa mpigo humfanya ajisikie amekabidhiwa fomu za ofisini. Mapokezi yanaanza pale mwenyeji anapotaja kitu kimoja ambacho mgeni yule, na si mwingine, amekifanya.

Tuseme muuguzi mstaafu amejiandikisha, na kwenye ukurasa wake amejitambulisha kwamba alifanya kazi wodi ya watoto. Siku hiyohiyo anafungua makala ya degedege na kuongeza aya moja: mtoto akipatwa asiwekewe kijiko wala kitu chochote mdomoni, alazwe ubavu, alegezwe nguo, na apelekwe hospitali upesi hata kama degedege limekwisha, kwa sababu nyuma yake huenda kuna malaria kali au homa ya uti wa mgongo. Anamalizia kwa kusema kwamba katika miaka yake ya kazi ameona watoto wengi wakicheleweshwa kwa mganga kwanza. Hakuna chanzo hata kimoja. Anayelinda ukurasa ni mwanafunzi wa udaktari, anayeweza kuwa mjukuu wake. Akifuata kanuni kwa macho makavu, aya yote inaondoka. Badala yake anaandika:

"Shikamoo mama. Mimi ni mwanafunzi wa udaktari, huwa naangalia kurasa za magonjwa ya watoto. Nimeisoma aya yako ya degedege. Maelezo ya kumlaza mtoto ubavu na kutomwekea kitu mdomoni nimeyaacha na kuyatilia chanzo kutoka miongozo ya WHO, bonyeza namba ndogo mwishoni mwa sentensi utakiona. Sentensi ya mwisho nimeitoa kwa sasa, kwa kuwa hapa haturuhusiwi kutegemea ushuhuda wa mtu mmoja, hata mwenye uzoefu kama wako. Zipo tafiti zilizofanyika Tanzania kuhusu jambo hilohilo. Nakutafutia, nitakuwekea hapa. Ukiona zinasema uliyoyaona, sentensi uiandike upya wewe mwenyewe."

Naye anajibu: "Marahaba mwanangu. Nimekuelewa. Ila hapo juu mmeanza na jina la kitabibu, neno degedege liko mstari wa nne. Mama aliyeshika mtoto hafiki mstari wa nne."

Naipenda picha hii kwa sababu hakuna aliyelegeza kitu. Sentensi isiyo na chanzo imetoka, na mgeni ameambiwa imetoka kwa nini, ipo njia gani ya kuirudisha, na kwamba atakayeirudisha ni yeye. Kisha mgeni akaona kasoro ambayo wenyeji wote, pamoja na vyanzo vyao, hawakuiona. Wahenga waliosema mgeni njoo, mwenyeji apone, walijua kwamba nyumba huwa na ugonjwa ambao mwenye nyumba ameshauzoea.

Kuna ugumu mmoja, na kwetu una uzito wa pekee. Sisi ni watu wa kujua nani anamwamkia nani. Mtandaoni umri hauonekani, cheo hakionekani, na jina la mtumiaji halisemi chochote. Kijana anaweza kumkemea mtu wa umri wa babu yake bila kujua, na babu akaondoka akiwa ametukanwa kweli, si kwa kudeka. Suluhisho langu ni jepesi: asiyejulikana apewe heshima ya mkubwa. Hakuna aliyewahi kuumizwa kwa kuandikiwa "naomba", "tafadhali", "samahani nimeona". Kwenye lugha hii maneno hayo si mapambo. Ndiyo njia ya kumwambia mtu kwamba unaendelea kumhesabu.

Upande wa pili wa heshima ndio mgumu zaidi. Anakuja daktari bingwa, mtu mwenye miaka ishirini hospitali ya rufaa, anaandika kipimo cha dawa kutoka kichwani, na anashangaa akiombwa chanzo. Yeye ndiye chanzo! Wodini akisema, watu huandika. Hapa inabidi mwenyeji awe thabiti na mnyenyekevu kwa pamoja, kwa sababu msomaji hana njia ya kujua kama aliyeandika ni daktari bingwa au muuza duka aliyejipa jina la daktari. Kinachomlinda msomaji ni kuweza kubonyeza ile namba ndogo na kukuta mwongozo wa tiba wa taifa, kitabu cha kufundishia, au makala ya mapitio iliyokusanya tafiti nyingi na kuzipima. Utafiti mmoja uliotoka wiki iliyopita hautoshi, habari ya gazetini haitoshi kabisa. Daktari akielezwa hivyo kwa utulivu, kwa kawaida huelewa haraka kuliko mtu mwingine yeyote, kwani hata yeye hampi mgonjwa dawa kwa kuwa fulani amesema. Chuo Kikuu cha California, San Francisco, kilianza mwaka 2013 kuwapa wanafunzi wake wa mwaka wa mwisho wa udaktari alama za masomo kwa kuhariri makala za Wikipedia. Natamani vyuo vyetu vya tiba vifikirie hilo. Mwanafunzi anayelazimika kueleza shinikizo la damu kwa sentensi ambayo mjomba wake ataielewa, na kila sentensi akaitolea ushahidi, anajifunza kitu ambacho mtihani haumfundishi.

Wageni wa tiba asilia huja pia, na sipendi wanavyopokewa. Mara nyingi hufutwa wote kwa pamoja, anayeuza chupa zake akichanganywa na anayetaka kuandika kwa unyofu mti ambao bibi yake aliutumia. Yule wa kwanza ni mfanyabiashara, na mlango afungiwe. Wa pili ana mahali pake: ukurasa wa mti wenyewe, matumizi yake ya jadi, nani ameyaandika na wapi, bila kudai kwamba unaponya. Wakati wa korona, watu walipokuwa wanajifukiza nyungu nyumba kwa nyumba, kufuta neno nyungu kwenye makala hakukumwondolea mtu sufuria. Kulikuwa na haja ya kulitaja jambo, kueleza kwamba halikuthibitika kutibu ugonjwa, na kuonya kwamba mvuke huunguza. Oktoba 2020 Shirika la Afya Duniani lilikubaliana na taasisi inayoendesha Wikipedia kuruhusu michoro na maelezo yake kuhusu korona yatumike huru. Nyenzo zilikuwepo. Waliokosekana ni watu wa kuziweka kwa Kiswahili kinachosomeka.

Na Kiswahili hicho ni cha nani? Mlipuko wa Ebola wa mwaka 2018 hadi 2020 katika Kivu Kaskazini na Ituri uliua watu 2,287, na wengi wa waliohitaji maelezo walikuwa wasemaji wa Kiswahili cha Kongo. Mabango yaliyoandikwa kwa Kiswahili sanifu cha Dar es Salaam hayakueleweka kwao sawasawa, wala si kosa lao. Akija mhariri kutoka Goma au Bunia na kuandika kwa namna ya kwao, kumsahihisha sarufi mstari hadi mstari kabla ya kumwambia asante ni kumfukuza shahidi. Tumuulize kwanza watu wake wanasemaje, tuandike yote mawili, sarufi itafuata.

Mwaka 2014, mwaka uleule ambao Dar es Salaam ilikumbwa na homa ya dengue, makala ya Kiingereza ya Wikipedia kuhusu dengue ilipelekwa kwa wataalamu wa kuhakiki na ikachapishwa katika jarida la kitabibu la Open Medicine. Watu wasiolipwa, wengi wakijuana kwa majina ya mtandaoni tu, walifikisha makala yao kwenye kiwango hicho. Waliweza kwa sababu walikaa pamoja muda mrefu kiasi cha kubishana bila kuachana. Sisi tuna wauguzi, wakunga, wafamasia na madaktari ambao kila jioni wanajibu maswali ya ndugu na majirani kwenye makundi ya WhatsApp, kwa Kiswahili fasaha, kwa subira, bila malipo. Jibu likishasomwa linapotea juu ya skrini, kesho linaulizwa upya na mwingine katika kundi jingine. Kazi ya kujitolea tayari wanaifanya. Inakosa tu mahali pa kukaa.

Kwa hiyo mgeni nisimpe kanuni zote siku ya kwanza. Nimpe ukurasa mmoja wa jambo analolijua kwa mikono yake. Kama ni mkunga, afungue makala ya kifafa cha mimba kwa simu, kama atakavyoifungua mjamzito mwenyewe, na aangalie kama dalili za hatari zinaonekana kabla ya kuanza kushuka: kichwa kuuma sana, kuona ukungu au maruweruwe, uso na mikono kuvimba ghafla, maumivu chini ya mbavu upande wa kulia. Kama ziko chini, azipandishe. Aweke chanzo, hata kama ni mwongozo uleule anaoutumia kliniki, na kwenye kisanduku cha muhtasari aandike kwa maneno yake alichofanya na kwa nini. Akikosea kuweka chanzo, tutakiweka. Kuna mtu atamwandikia kwenye ukurasa wake wa majadiliano ndani ya siku mbili tatu. Na akiona kimya, aeleze kwenye ukurasa wa jumuia kwamba ameandika na hakujibiwa, kwa sababu hapo mwenye kosa ni mwenyeji.